Mjumbe Aliyegeuka Mwanafunzi: Jomo Kenyatta Ughaibuni, 1929-1946

Jomo Kenyatta hukumbukwa aghalabu kwa hadhi mbili: mfungwa wa Kapenguria na rais wa kwanza wa Jamhuri ya Kenya. Hadhi yake nyingine, iliyozitangulia hizo, hutajwa vitabuni kwa sentensi moja au mbili kisha ikaachwa. Hiyo ni hadhi ya mwanafunzi. Ikumbukwe kwamba Kenyatta hakuvuka bahari kwa nia ya kusoma, tofauti na Mbiyu wa Koinange ambaye babake alimpeleka Marekani mwaka wa 1927 kutafuta elimu. Yeye alikwenda London akiwa mtu mzima, mwenye mke na watoto wawili, akiwa ametumwa na chama kupeleka kilio cha ardhi. Alipofika huko akakuta kwamba mjumbe Mwafrika hana kiti cha kukalia. Hapo ndipo, akiwa tayari anaishi ugenini, alipojiandikisha kuwa mwanafunzi. Na kutokana na uamuzi huo akapata sikio ambalo alikuwa amelikosa kwa miaka kadhaa.

Alizaliwa katika miaka ya 1890, tarehe isiyojulikana, akaitwa Kamau wa Ngengi. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo. Mwaka wa 1909 aliingia misheni ya Kanisa la Scotland huko Thogoto, akafunzwa kusoma, kuandika na useremala, na mwaka wa 1914 akabatizwa kwa jina la Johnstone. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, vijana wengi wa Kikuyu walikamatwa na kupelekwa kubeba mizigo ya jeshi, kazi iliyowaangamiza maelfu. Kamau alikimbilia Narok kwa jamaa zake Wamaasai, akafanya kazi kwa mfanyabiashara mwenye asili ya Kiasia aliyeuza nyama kwa jeshi. Inasemekana mshipi wa shanga alioupenda tangu enzi hizo ndio uliozaa jina la Kenyatta. Baada ya vita aliajiriwa na idara ya maji ya Nairobi, kazi iliyompa mshahara mzuri kwa kipimo cha Mwafrika wa wakati ule, pamoja na baiskeli na baadaye pikipiki. Alimwoa Grace Wahu. Mtoto wao wa kwanza, Peter Muigai, alizaliwa mwaka wa 1920. Wa pili, Margaret Wambui, akazaliwa Februari 1928.

Ili kuuelewa uzito wa ujumbe aliokuja kuubeba, ni sharti kutazama Bonde la Ufa. Mwaka wa 1904 Wamaasai waliondolewa katika nyanda za Naivasha, Gilgil, Elementaita na Nakuru ili kuwapisha walowezi wa kizungu. Wengi wao walisukumwa Laikipia, na kuanzia mwaka wa 1911 wakahamishwa tena kutoka Laikipia hadi kusini, upande wa Narok. Penye malisho yao pakazuka mashamba makubwa kama lile la Soysambu la Lord Delamere, kando ya Ziwa Elementaita, mwendo mfupi kutoka Gilgil. Mashamba hayo yalihitaji mikono ya kazi. Mikono hiyo ilitoka Kiambu, Murang'a na Nyeri, ambako baadhi ya familia zilikuwa zimenyang'anywa ardhi na nyingine zilivutiwa na habari za malisho mapana. Hao ndio maskwota. Walilima na kufuga katika pembe ya shamba la mlowezi, na kwa mujibu wa sheria ya mwaka wa 1918 walitakiwa kumfanyia kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Walowezi walipoona mifugo ya maskwota inaongezeka kuliko walivyopenda, wakaanza kuipunguza kwa nguvu. Maskwota wenyewe walikiita kitendo hicho kifagio. Mwanaisimu anayetafuta mifano ya maana inayopanuka hahitaji kwenda mbali: jina la kifaa cha nyumbani likawa jina la msiba, kwa kuwa mali ya watu ilifagiliwa kama taka.

Kutokana na machungu ya namna hiyo, chama cha Kikuyu Central Association, KCA, kilipata nguvu katika miaka ya 1920. Kenyatta alikuwa katibu wake mkuu kufikia mwaka wa 1928, na mwezi Mei mwaka huo akaanza kuhariri gazeti la chama, Muigwithania, yaani Mpatanishi. Wanachama walichanga fedha ili mtu mmoja apelekwe London kuonana na wakubwa wa Wizara ya Makoloni. Uchaguzi ukamwangukia katibu. Aliondoka Februari 1929 pamoja na Isher Dass, mwanasheria mwenye asili ya Kihindi, akawasili London mwezi Machi. Mwezi huo huo, huko Kabati-ini karibu na Nakuru, familia moja ya maskwota ilijaliwa mtoto wa kiume aliyeitwa Josiah Mwangi Kariuki. Huyu atarejelewa baadaye.

Safari ya kwanza haikuzaa matunda makubwa. Gavana wa Kenya alikuwa ameshawaonya wakubwa wa London wasimtambue Kenyatta kama msemaji wa watu wake. Aliandika barua, akachapisha madai ya chama katika gazeti la The Times mnamo Machi 1930: usalama wa ardhi, elimu, kuondolewa kwa kodi ya nyumba kwa wanawake, uwakilishi katika baraza la kutunga sheria na kuheshimiwa kwa mila. Wakati huo huo mzozo wa tohara ya wasichana ulikuwa umeligawa Kanisa kule nyumbani, na wizarani alihojiwa zaidi kuhusu jambo hilo kuliko kuhusu ardhi. Fedha zilimwishia. Aliishi kwa mikopo na kwa hisani ya marafiki, hususan William McGregor Ross, aliyewahi kuwa mkuu wa idara ya ujenzi nchini Kenya na ambaye alikuwa amegeuka mkosoaji wa walowezi. Aliporudi Mombasa Septemba 1930, hakuwa na ahadi yoyote ya maana ya kuwaonyesha waliomchangia.

Hata hivyo chama hakikukata tamaa. Mnamo Mei 1931 alitumwa mara ya pili, safari hii akiandamana na Parmenas Githendu Mukiri. Bunge la Uingereza lilikuwa limeunda kamati ya kuchunguza suala la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, na Waafrika walihofia kwamba muungano huo ungewapa walowezi mamlaka makubwa zaidi. Kenyatta na Mukiri waliomba kusikilizwa. Wakakataliwa. Kamati iliwasikiliza Waafrika watatu kutoka Kenya walioteuliwa na serikali, miongoni mwao Chifu Koinange. Wajumbe waliotumwa na watu wakabaki nje ya mlango, ilhali walioteuliwa na serikali walikaribishwa ndani. Kwa hakika Koinange alizungumzia ardhi kwa ujasiri, na si haki kumdharau. Lakini funzo alilolipata Kenyatta lilikuwa dhahiri. Katika jiji la London, uzito wa neno ulitegemea cheo cha aliyelinena.

Basi akajigeuza. Tendo hilo leo lingekuwa na makaratasi mengi. Mkenya anayeingia Uingereza kwa viza ya matembezi haruhusiwi kuibadilisha kuwa ya mwanafunzi akiwa ndani ya nchi. Hana budi kutoka na kuomba upya. Marekani humruhusu aombe kubadilishiwa hadhi bila kuondoka, ila asianze masomo kabla ya ombi lake kukubaliwa. Zama za Kenyatta hazikuwa hivyo. Mtu wa koloni la Mwingereza, akishafika Uingereza, hakuwekewa mpaka wa siku za kukaa. Sheria ya kwanza ya kuwadhibiti watu wa makoloni na Jumuiya ya Madola ilipitishwa mwaka wa 1962. Hapa pana kinaya ambacho si rahisi kukipita. Mtu yule yule ambaye nchini mwake alipaswa kutembea na kipande shingoni ili asikamatwe njiani kati ya Kiambu na Nakuru, aliweza kukaa London miaka mingi bila kuulizwa kibali. Kizuizi hakikuwa karatasi. Kizuizi kilikuwa karo, chakula, kodi ya chumba, na swali la nani angemkubali darasani mtu ambaye elimu yake rasmi ilikuwa ya misheni.

Jibu la kwanza lilitoka kwa Wakweka. Kupitia marafiki zake alipata nafasi katika chuo chao cha Woodbrooke, Selly Oak, mjini Birmingham, mwishoni mwa mwaka wa 1931. Alikaa huko hadi mwaka uliofuata akinoa Kiingereza chake. Mukiri naye alishika njia hiyo hiyo: alisoma Fircroft, papo hapo Birmingham, kisha Ruskin mjini Oxford, akaandika kitabu kilichotolewa mwaka wa 1934 kuhusu madai ya watu wake, na akarejea nyumbani. Kwa hiyo wajumbe wote wawili waligeuka wanafunzi. Tofauti ni kwamba mmoja alimaliza akarudi, na mwingine akaendelea kutoka chuo hadi chuo. Kabla ya kuondoka katika mazingira ya Wakweka, Kenyatta alipata walau fursa moja ya kusikilizwa: mnamo Juni 1932 alitoa ushahidi mjini London mbele ya Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter. Ripoti ya tume hiyo ilipotolewa mwaka wa 1934, iliithibitisha mipaka ya nyanda za juu za Wazungu. Gilgil, Naivasha, Nakuru na Njoro zikabaki mikononi mwa walowezi.

Mnamo Agosti 1932 alikwenda Moscow, akisaidiwa na George Padmore, mzalendo kutoka Trinidad. Huko aliandikishwa kwa jina la James Joken katika chuo kilichoandaliwa na Wakomunisti kwa ajili ya wanafunzi wa kutoka Asia na Afrika. Wapinzani wake walikuja kuutumia mwaka huo mmoja kumchora kama kibaraka wa Warusi. Ushahidi wa maisha yake ya baadaye haukubaliani nao. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliolalamikia hali ya chuo na namna watu weusi walivyosawiriwa, na sera ya Stalin ilipoanza kulegea kuhusu ukoloni ili kuwaridhisha Waingereza na Wafaransa, yeye na Padmore walijitenga. Alirudi London mwaka wa 1933, akiwa maskini kama alivyotoka.

Kipindi kilichofuata ndicho kinachopaswa kuwavutia zaidi watu wa taaluma za lugha. Idara ya Fonetiki ya Chuo Kikuu cha London, kitengo cha University College, ilihitaji msemaji asilia wa Kikuyu. Lilias Armstrong, mmoja wa wanafonetiki mahiri wa wakati huo, alikuwa akichunguza sauti na toni za lugha hiyo. Kenyatta aliajiriwa kuwa msailiwa wake. Alikaa mbele ya mtafiti, akatamka neno, akalirudia, akaulizwa tofauti ya kiimbo kati ya neno na neno, akalipwa kidogo. Kikuyu ni lugha ya toni, tofauti na Kiswahili sanifu, na msailiwa asiye makini humpoteza mtafiti siku nzima. Armstrong alifariki mwaka wa 1937. Kitabu chake kuhusu fonetiki na toni za Kikuyu kilichapishwa mwaka wa 1940 na kinaendelea kurejelewa na wanaisimu. Wasomi wengi wanaokitumia hawakumbuki kwamba sauti iliyo nyuma ya kurasa zile ni ya rais wa kwanza wa Kenya. Ni hali ya kawaida katika taaluma: msailiwa hutajwa kwa shukrani, na ujuzi wake huenda kwa jina la mwingine.

Kenyatta hakuridhika kubaki upande huo wa meza. Alijiandikisha katika masomo ya Kiingereza na fonetiki katika chuo kile kile kilichomwajiri, na mwaka wa 1935 akaanza kuhudhuria semina za Bronislaw Malinowski katika London School of Economics. Malinowski, Mpolandi aliyekuwa mgeni Uingereza kama yeye, ndiye aliyekuwa nguzo ya anthropolojia ya wakati huo. Kenyatta hakuwa na shahada ya kwanza. Kwa utaratibu wa kawaida asingeingia. Malinowski alimkubali, akampigia debe kwa Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, naye akapata ufadhili. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke Kenya, alikuwa na hadhi iliyoandikwa na kutambuliwa: mwanafunzi wa uzamili wa anthropolojia. Idara ya usalama ya Uingereza, iliyokuwa na faili lake, iliendelea kumfuatilia vilevile. Uanafunzi haukumwondolea macho ya wapelelezi. Ulimpa jukwaa tu.

Darasa lile lilikuwa kioo cha Bonde la Ufa. Alikuwamo Elspeth Huxley, ambaye wazazi wake walikuwa walowezi, na mamake alikuwa na shamba Njoro. Mwaka wa 1935 Huxley alikuwa ametoa wasifu wa Delamere katika juzuu mbili, akimsifu kama mjenzi wa nchi ya mzungu. Ardhi ya Soysambu, ambayo katika kitabu cha Huxley ilikuwa ushahidi wa maendeleo, katika hoja za Kenyatta ilikuwa ushahidi wa wizi. Walikaa meza moja wakisikiliza mihadhara ile ile. Alikuwapo pia kwa muda Mwanamfalme Peter wa Ugiriki, aliyekuja kuwa rafiki wa Kenyatta. Nje ya darasa kulikuwa na Louis Leakey, aliyezaliwa misheni ya Kabete, aliyesema Kikuyu kama mzawa, na ambaye mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuwa amechimbua zana za mawe za kale huko Kariandusi, jirani na Gilgil. Leakey naye alidai kuwa mjuzi wa mila za Wakikuyu, na wawili hao walihitilafiana vikali. Swali lililokuwa katikati yao halikuwa dogo: nani ana haki ya kuieleza jamii, aliyezaliwa ndani yake au aliyeisomea? Kenyatta, kwa kuwa mwanafunzi, alitaka kuwa vyote viwili.

Insha alizoziandika kwa ajili ya semina zilikusanywa zikawa kitabu, Facing Mount Kenya, kilichotolewa mwaka wa 1938 kwa utangulizi wa Malinowski. Tafsiri yake ya Kiswahili, Naushangilia Mlima wa Kenya, ilichapishwa baada ya uhuru. Jina la mwandishi katika toleo la kwanza si Johnstone tena, ni Jomo. Picha inamwonyesha akiwa amejitanda ngozi na kushika mkuki, vazi la kuazima ambalo halikuwa la kila siku kwa mtu aliyezoea suti katika mitaa ya Pimlico. Wapo wanaouona huo kuwa ulaghai. Wengine huuona kuwa ufundi wa mjumbe, kwamba alijua wasomaji wake walitaka kumwona nani kabla ya kukubali kumsikiliza. Rai hizo mbili hazipingani.

Kitabu chenyewe kina udhaifu. Jamii anayoisawiri haina migogoro ya kutosha. Wazee wake ni wenye hekima kupita kiasi, na utetezi wake wa tohara ya wasichana hauwapi nafasi wasichana wenyewe kusema. Licha ya hayo, sura inayohusu umilikaji wa ardhi ndiyo hasa ile hotuba aliyonyimwa nafasi ya kuitoa mwaka wa 1931. Anabainisha kwamba ardhi ya Wakikuyu ilikuwa na wenyewe, ikiwa na mipaka, sheria na taratibu za kuiuza na kuirithi, hivyo dai kwamba ilikuwa pori tupu halikuwa na msingi. Kisha anaacha lugha ya kitaaluma na kusimulia ngano. Mtu mmoja anamkaribisha tembo aingize mkonga kibandani wakati wa mvua. Tembo anaingia mzima na kumtoa nje. Tume ya wanyama inaundwa kuchunguza, na tume hiyo imejaa marafiki wa tembo. Hatimaye mtu yule anajenga banda kubwa, wanyama wote wanaingia kuligombea, naye analitia moto. Ni fasihi simulizi ndani ya kitabu cha anthropolojia, na msomaji wa mwaka wa 1938 aliyekuwa amesoma ripoti ya Carter hakuhitaji kufafanuliwa tembo ni nani. Haikuwa kazi iliyompatia fedha. Toleo la kwanza liliuza nakala mia tano na kidogo tu.

Alikitabaruku kitabu hicho kwa Muigai na Wambui, pamoja na vijana wote wa Afrika walioporwa haki zao. Hapo ndipo gharama ya uanafunzi wake inapoonekana. Wambui alikuwa na umri wa mwaka mmoja baba yake alipoondoka mara ya kwanza. Alimwona kwa miezi michache kati ya mwaka wa 1930 na 1931, na alipomwona tena alikuwa msichana wa miaka 18. Grace Wahu aliwalea watoto bila mume katika kipindi ambacho fedha za kutoka London hazikuja, kwa sababu London kwenyewe hazikuwako. Kenyatta alikuwa na madeni kwa mwenye nyumba wake wa Cambridge Street. Aliuza stempu za barua alizotumiwa kutoka nyumbani, akafundisha Kikuyu kwa malipo, na mwaka wa 1934 akaigiza miongoni mwa kundi la wanakijiji katika filamu ya Sanders of the River, iliyomtukuza mtawala mkoloni. Yeyote aliyewahi kusoma ng'ambo bila mfadhili wa kudumu hatamcheka kwa hilo. Lakini pia ni kweli kwamba chama kilichomtuma kiliendelea kungoja, na kwamba mjumbe aliyekaa miaka 15 mfululizo alikuwa amechagua kukaa.

Siasa hakuiacha. Italia ilipoivamia Uhabeshi mwaka wa 1935, alikuwa katibu wa jumuiya ya marafiki wa Uhabeshi iliyoongozwa na C. L. R. James. Vita Kuu ya Pili ilipoanza alihamia Storrington, Sussex, akafanya kazi ya shambani na kutoa mihadhara kwa wafanyakazi na askari. Yaani mpinzani wa walowezi akawa kibarua katika shamba la Mwingereza, nchini Uingereza kwenyewe. Mwaka wa 1942 alimwoa Edna Clarke, mwalimu; mtoto wao, Peter Magana, alizaliwa mwaka wa 1944. Oktoba 1945 alishiriki katika Kongamano la Afrika lililofanyika Manchester, pamoja na Padmore na Kwame Nkrumah. Mnamo Septemba 1946 alipanda meli kurejea Kenya, akimwacha Edna na mtoto, kama alivyomwacha Wahu miaka 17 kabla yake.

Yaliyofuata yanajulikana: uongozi wa Chuo cha Walimu cha Githunguri, urais wa KAU mwaka wa 1947, kukamatwa Oktoba 1952, kesi ya Kapenguria ambamo Leakey alianza kama mkalimani wa mahakama hadi mawakili wa utetezi walipompinga akajiondoa, kisha kifungo na kizuizi hadi mwaka wa 1961. Linalohusu makala hii ni namna suala la ardhi lilivyomrudia. Tarehe 12 Agosti 1963, akiwa waziri mkuu, alisimama mbele ya walowezi waliokusanyika mjini Nakuru, akawaomba wabaki na kulima, akawaahidi kusahau ya zamani. Waliingia ukumbini wakimwogopa, wakatoka wakimshangilia. Pengine hakuna mahali ambapo mafunzo ya London yalionekana wazi kuliko hapo: alimfahamu vyema msikilizaji wake. Mashamba yakaanza kununuliwa kwa fedha za mkopo. Maskwota wengi hawakuwa na fedha, na wenye uwezo, wakiwamo watu wa karibu na serikali, walipata makubwa.

Josiah Mwangi Kariuki, yule mtoto wa maskwota wa Kabati-ini, alikuwa amepitia kambi za kizuizini, akaandika kumbukumbu zake mwaka wa 1963, akawa katibu binafsi wa Kenyatta na kisha mbunge. Naye alinunua shamba Gilgil. Hakuwa fukara, na hakujifanya kuwa hivyo. Lakini kufikia miaka ya 1970 alikuwa akisema hadharani kwamba wasio na ardhi ambao kwa jina lao uhuru ulipiganiwa walikuwa wameachwa. Aliuawa Machi 1975, mwili wake ukapatikana Ngong, na kamati ya Bunge iliyochunguza mauaji hayo iliwataja maafisa wa serikali. Alizikwa Gilgil, mwendo mfupi kutoka Soysambu.

Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, akazikwa katika uwanja wa Bunge, Nairobi. Wambui alikuwa amekuwa meya wa jiji hilo. Grace Wahu, aliyeachwa na watoto wawili mwaka wa 1929, aliishi hadi Aprili 2007.